Kumtafutia Dakta Wakili

Kwetu mimi ndiye wakili. Sina digrii, sina joho, na sijawahi kusimama mbele ya hakimu, lakini ukifika kwa mama kule Uthiru uulize kama wakili yuko, ni mimi nitakayeitwa. Jina lilinishika 2017, barua ya chuo ilipofika, na halikunitoka hata nilipoacha sheria nikiwa mwaka wa tatu. Mama hulitunza kama kiti cha mtu aliyetoka nje kidogo tu. Anaamini nitarudi nikikalie.

Kwa hivyo dada yangu aliponipigia Jumanne moja saa tano usiku akasema, "Wakili, uko macho?" sikushtuka. Yeye ni daktari. Mimi humwita Dakta, yeye huniita Wakili, na kati yetu ni mmoja tu aliyelisomea jina lake akamaliza.

"Niko macho, Dakta. Niko job."

Job yangu ni kuandika makala zisizo na jina langu. Mtu wa Marekani anataka maneno elfu moja kuhusu mabati, meno au talaka. Naandika usiku hapa Kawangware wakati kwao ni mchana, natuma, wiki ikiisha nalipwa. Usiku huo nilikuwa kwenye mabati.

"Nimepata barua," akasema.

"Ya nani?"

"Ya Baraza."

Kwa daktari wa Kenya neno hilo halihitaji maelezo. Ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, lile la Woodlands Road. Ndilo linalotoa leseni, na ndilo linaloweza kuichukua. Mgonjwa akiona ametendewa vibaya hupeleka malalamiko pale, na daktari huandikiwa ajibu. Kamati ikimaliza kusikiliza inaweza kuyatupa malalamiko, kumpa daktari onyo, kumrudisha akafunzwe tena, kumsimamisha au kumfutia leseni kabisa. Barua ya dada ilikuwa na tarehe ya mwisho ya kujibu, na siku nne zilikuwa zimeshaisha bila mtu kujua, barua ikiwa ndani ya begi lake chini ya kanzu nyeupe.

"Mbona hukusema?"

"Nikitafuta wakili si ni kama nimekubali nimekosa?"

Hilo swali nimelifikiria sana tangu siku hiyo. Huyu ni mtu ambaye kila siku huwauliza wagonjwa kwa nini wamengoja mpaka uvimbe ukawa mkubwa hivyo. Kumbe na yeye alikuwa na uvimbe wake, na alikuwa akiungojea upungue wenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Miezi saba kabla ya barua, alikuwa akifanya lokamu, yaani zamu za kulipwa kwa siku, katika hospitali moja ya kibinafsi upande wa magharibi wa jiji. Mchana alikuwa hospitali ya kaunti, usiku mwingine lokamu, maisha ni yale yale tunayoyajua. Saa nane usiku aliletwa mzee wa miaka sitini na mbili akilalamika tumbo. Dada akampima, akampa dawa ya maumivu, akashuku kuna kitu kibaya zaidi. Akawaambia watu wake: mzee alazwe, apigwe picha, daktari wa upasuaji amwone. Kijana wa mzee akauliza itakuwa pesa ngapi. Akaelekezwa kwa keshia, akatajiwa depositi. Wakasimama kwenye korido wakashauriana kwa sauti ya chini. Kisha wakasema watarudi asubuhi.

Hawakurudi. Kesho yake jioni mzee alipasuliwa katika hospitali nyingine, utumbo umetoboka, usaha umejaa tumboni. Alilala ICU wiki tatu. Alipona, akatoka na deni.

Na kwenye faili dada alikuwa ameandika dalili, dawa, na neno la mwisho: ameruhusiwa. Basi. Hakuandika kwamba aliwashauri alazwe. Hapakuwa na fomu ya kukataa kulazwa, hapakuwa na saini.

"Nilikuwa na wagonjwa wengine wanne," akaniambia. "Mmoja alikuwa anazaa."

Madaktari hufunzwa mapema sana kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Dada alikuwa amefanya kitu sahihi, lakini kwa karatasi hakuwa amekifanya.

"Sasa, Wakili," akasema, "niambie nifanye nini."

Nikafunga laptopu. Mabati ya Marekani yangengoja.

Kuna deni lazima nilitaje hapa, la sivyo hutaelewa kwa nini nilifunga ile laptopu haraka vile. Desemba 5, 2016 madaktari wa Kenya walianza mgomo uliodumu siku 100, wakidai mkataba uliotiwa saini 2013 utekelezwe. Dada alikuwa na mwaka mmoja tu kazini. Mimi nilikuwa nimetoka tu kufanya KCSE. Februari 2017 viongozi saba wa chama chao, KMPDU, walihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja kwa kudharau amri ya mahakama, wakatolewa siku mbili baadaye na Mahakama ya Rufaa. Tuliitazama hiyo habari kwa mama, sufuria ya ugali bado mezani. Mama akauliza, "Daktari anafungwaje?" Dada hakumjibu. Aliniangalia mimi akasema, "Si unaona tunahitaji wakili wa kwetu?"

Mgomo ulipoisha Machi, na mshahara uliporudi, ndio uliolipa karo yangu. Miaka miwili na nusu. Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona, nikarudi nyumbani na begi moja, nikaanza kuandikia watu makala, nikaonja dola, na geti la chuo lilipofunguliwa sikuwa kwenye foleni. Sikumwambia dada. Aligundua alipouliza mbona sijamtumia taarifa ya karo. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Sawa." Hiyo "sawa" nimekaa nayo kama jiwe ndani ya kiatu.

Kwa hivyo nilitaka sana kumtafutia wakili mzuri. Na wa kwanza tuliyempata tulipewa na mama.

Huyo ndiye aliyetusaidia na shamba la babu. Ofisi yake iko tauni, si mbali na Kencom, ghorofa ya nne ya jengo ambalo lifti imekuwa mbovu tangu niijue. Mtu mkarimu. Alituita wanangu, akaagiza chai. Akamsikiliza dada kwa dakika nne, nilihesabu kwa saa ya ukutani, kisha akatandika mikono mezani.

"Hiki ni kitu kidogo. Kuna mtu namjua pale ndani."

Dada akapumua. Mimi, ambaye nilisoma miaka miwili na nusu tu, nikahisi baridi. Wakili akitaja mtu anayemjua kabla ya kutaja sheria anayoijua, toka polepole. Lakini hatukutoka. Akaendelea, "Pesa tutaongea. Weka kitu kidogo sasa, tukishinda utanitoa vizuri." Hata hilo halikubaliki: Sheria ya Mawakili haitambui mapatano ya wakili kulipwa endapo tu atashinda. Kisha akauliza faili iko wapi.

"Hospitalini."

"Unaweza kuifikia?"

Dada alinyamaza.

"Si nasema udanganye, Dakta. Wewe si uliwaambia mzee alazwe? Basi ni ukweli. Andika huo ukweli. Mstari mmoja tu."

Tulishuka ngazi bila kusema. Tulipofika chini kwenye kelele za makanga, dada alisimama kando ya muuza njugu akaniuliza, "Lakini si ni ukweli?"

Nilitaka kumjibu. Nilijua kuna kitu hakiko sawa, kama mtu anayejua wimbo lakini maneno yamemtoka. Labda hilo lilifundishwa mwaka wa nne.

Siku mbili baadaye msimamizi wa ile hospitali akampigia dada. Alikuwa mpole kupita kiasi. Asijali, wakili wao angejibu kwa niaba ya wote, bila malipo, apite tu Westlands aweke saini. Dada akafurahi. Nikamwambia twende wote.

Ofisi hiyo ilikuwa na vioo, na kahawa iliyoletwa na mtu mwenye glavu. Wakili alikuwa kijana wa rika langu hivi, suti imemkaa. Alijua kazi yake, sitamsingizia. Alieleza hatua za Baraza kwa mpangilio mzuri. Alikuwa ameshaandaa taarifa ya dada, kurasa mbili, tayari kwa saini. Nikaisoma. Ilisema daktari aliyekuwa zamu alimchunguza mgonjwa na kwa uamuzi wake mwenyewe wa kitabibu akamruhusu aende nyumbani. Depositi haikutajwa popote.

Hapo nikauliza swali moja tu, na nafikiri ndilo swali pekee maishani mwangu lililorudisha sehemu ya karo ya dada.

"Samahani, mteja wako ni nani?"

Akatulia. "Hospitali," akasema. Hakudanganya, na kwa hilo namheshimu.

Hebu fikiria. Katiba yetu, ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hospitali ina kila sababu ya kusema hakuna aliyefukuzwa na depositi, ni daktari aliyemruhusu. Daktari ana kila sababu ya kusema hakumruhusu kwa hiari, ni depositi iliyowatoa mlangoni. Hao ni watu wawili wenye hadithi mbili, na mmoja wao anamlipa wakili. Mwaka 2018, pale mgonjwa asiye ndiye alipopasuliwa kichwa katika Hospitali ya Kenyatta, wahudumu kadhaa walisimamishwa kazi, akiwemo daktari aliyefanya upasuaji. Madaktari wenzake wakaandamana, wakisema mwenzao anabebeshwa makosa yaliyoanza kabla mgonjwa hajamfikia. Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema tu kwamba siku mambo yakiharibika, daktari na hospitali yake wanaweza kujikuta pande tofauti za meza.

Dada hakuweka saini. Kwenye matatu akaniuliza kama anaweza kuwa na wakili wake hata kama hana hata mkataba wa maandishi na ile hospitali. Nikamwambia hasa kwa sababu hana mkataba. Daktari wa lokamu ni kama mgeni kwenye harusi: picha nzuri zikipigwa yumo, sahani zikivunjika anaulizwa alialikwa na nani.

Usiku ule ndio tulianza kutafuta kwa akili. Kwanza nilimuuliza kama ana bima ya dhima ya kitaaluma. Alikuwa nayo. Alikuwa akiilipia kila mwaka pamoja na leseni, na hakuwahi kuisoma. Tuliitafuta kwenye barua pepe mpaka saa saba usiku. Ilikuwa hai, na ndani yake kulikuwa na sharti: ukipata malalamiko, wajulishe mara moja, na usikiri wala usiahidi fidia kabla hawajajua. Uingereza madaktari walishaliona hili zamani. Chama chao cha kutetewa, Medical Defence Union, kilianzishwa 1885. Dada alikuwa na bima kwenye simu yake na alikuwa karibu kuweka saini ya mtu mwingine. Asubuhi akawaandikia. Walimwambia yuko huru kupendekeza wakili, wao wangechangia sehemu ya gharama wakiridhika naye.

Kisha nikafanya kitu pekee ambacho chuo kilinifunza vizuri. Nilisoma hukumu. Ziko bure kwenye Kenya Law, yeyote mwenye bando anaweza. Hapa kwetu wakili wa mambo ya afya hana beji yake. Mtu yeyote mwenye cheti cha uwakili cha mwaka huo anaweza kusema anajua kesi za madaktari. Kwa hivyo nilitafuta kesi zenyewe, nikaandika majina ya mawakili waliosimama upande wa daktari. Sikuhesabu nani alishinda. Niliangalia walifanya nini. Mahakama ikisikiliza kesi ya uzembe huuliza daktari mwingine wa kiwango hicho angefanya nini akiwa mahali pale, kwa hivyo wakili anayejua kazi hii huja na daktari mwingine kama shahidi mtaalamu. Wengine walikuja na maneno matupu, na jaji aliandika hivyo hivyo.

Nilibaki na majina matano. Nikayaangalia kwenye orodha ya Chama cha Wanasheria, LSK, ambapo unaweza kuona mtandaoni kama wakili ana cheti cha mwaka huu. Usicheke. Mwaka 2023 nchi nzima ilizungumzia kijana aliyedaiwa kujifanya wakili. Mmoja katika wale watano wangu hakuwa na cheti hai. Wawili hawakupokea simu. Wa nne alitaja ada kabla ya kutaja jina lake. Wa tano alisema, "Njooni kesho saa tatu, na msije na faili ya mgonjwa kwenye simu."

Ofisi yake iko Hurlingham, nyumba ya zamani iliyogeuzwa ofisi, mti wa parachichi nyuma. Kutoka kwangu ni 46 moja kwa moja. Matatu hiyo hupita Gitanga Road, jirani na makao ya LSK pale Valley Arcade, ikafika Yaya, na ukishuka Hurlingham Baraza lenyewe si mbali. Nilikuwa nimepanda 46 miaka yote hiyo na sikujua ilikuwa ikinizungusha kwenye maisha niliyoyaacha.

Wakili ni mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Tulipoketi, swali lake la kwanza lilikuwa hili:

"Mgonjwa anaendeleaje?"

Dada alifungua mdomo, akafunga. Katika watu wote tuliokuwa tumezungumza nao, na mimi nikiwemo, hakuna aliyekuwa ameuliza. Dada akalia. Mimi nilikuwa nikimwona tangu utotoni akishonwa, akifeli, akizika baba, na sijui kama nimewahi kumwona akilia vile. Mama yule akasogeza karatasi za shashi, akangoja. Hakuangalia saa.

"Anatembea," dada akasema hatimaye. "Niliuliza mtu wa ile hospitali nyingine."

"Vizuri. Usiulize tena bila kuniambia."

Halafu akaanza. Barua ulipata lini? Jibu lako limebakiza siku ngapi? Umeongea na nani? Dada akataja ile WhatsApp ya madaktari waliosoma pamoja. Umetuma nini huko? Dada akaangalia zulia. Alikuwa ametuma picha ya ukurasa wa faili, jina la mzee likionekana, akiuliza wenzake wangefanya nini. Wakili akavua miwani. Akaeleza, bila kupaza sauti, kwamba habari za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwamba siri ya mgonjwa haiishi kwa sababu mgonjwa amekushtaki, na kwamba chochote kwenye kundi lile kinaweza kuletwa mezani siku moja. Aandike aliyotuma yote, hata yanayomwaibisha. "Nataka kuyajua kutoka kwako, si kutoka kwa wao."

"Faili umeigusa tangu siku ile?"

"Hapana."

"Umefikiria kuigusa?"

Kimya. Nje kuna mtu alikuwa akifyeka nyasi.

"Ndiyo," dada akasema. "Kuna wakili aliniambia niongeze mstari. Na ni ukweli, nilisema alazwe. Ningekuwa naandika ukweli tu."

"Maneno yangekuwa ya kweli," mama yule akasema. "Tarehe ingekuwa ya uongo. Na wakishika tarehe, hakuna atakayeamini maneno."

Hilo ndilo jibu nililokuwa nimelikosa pale kando ya muuza njugu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilikuwa nimelisikia nikidhani ni la wagonjwa kwa daktari. Kumbe ni la daktari kwa wakili pia. Ukitaka kujua umepata wa kweli, angalia kama unaweza kumwambia lile jambo moja ambalo hungependa lisikike, na angalia uso wake ukishasema.

Alituambia na asichoweza. Hakuahidi ushindi. Alisema Baraza ni mlango mmoja, na familia ya mzee inaweza pia kufungua kesi ya fidia mahakamani, ambayo kwa kawaida ina miaka 3 tangu jambo litokee. Milango hiyo miwili anaijua. Lakini kama kutakuwa na mvutano wa malipo ya lokamu na ile hospitali, hayo ni mambo ya mahakama ya kazi, atatupa mwenzake anayeyajua zaidi. Ada aliiandika kwenye karatasi, hatua kwa hatua: jibu la maandishi, kikao, na rufaa ikibidi. Alisema atatafuta daktari wa upasuaji asiyemjua dada aisome faili, na akisema dada alikosa, tutaambiwa hivyo hivyo.

"Na yule kijana wa mzee?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Yeye naye anatafuta wakili kama ninyi," akasema. "Baba yake karibu afe. Ana haki ya kuuliza."

Kazi aliyompa dada ilikuwa rahisi kuielewa na ngumu kuifanya. Aandike kila anachokumbuka kuhusu usiku ule, aelekeze kwa wakili, aweke tarehe ya leo. Penye faili aseme faili. Pasipo na faili aseme waziwazi: hili halimo kwenye faili, ninalikumbuka. Ataje nesi aliyekuwa zamu, ataje keshia, ataje korido. Ule mstari mmoja ungeandikwa, lakini ukiwa na umri wake halisi.

Tuliandikia kwangu Kawangware Jumamosi. Dada alikaa kitandani, mimi kwenye kiti cha plastiki, laptopu kwenye meza ya ironi. Yeye alisema, mimi nikachapa. Ilichukua saa sita. Nimeandika mamia ya makala, mengine kuhusu mambo ambayo sijawahi kuyaona kwa macho, na sijawahi kuandika sentensi kumi polepole kama nilivyoandika zile. Tulipofika kwenye depositi alisimama akaenda dirishani. "Ningeweza kumpigia msimamizi nimwombe," akasema. "Ningeweza kusema ni dharura, depositi ingoje. Nilichoka tu." Nikamuuliza kama niandike hilo. Akafikiria. "Andika."

Malipo ya kwanza ya wakili nililipa nusu. Ni pesa ya mabati na meno ya Marekani. Alikataa, nikasisitiza, akakataa tena, nikatuma kwa M-Pesa tukiwa bado tunabishana. Simu yake ikalia. Akasoma ujumbe, akaniangalia.

"Sawa," akasema.

Jumatatu tulipeleka taarifa Hurlingham. Wakili akaisoma mbele yetu, kalamu mkononi. Akauliza nani kaichapa. Dada akasema, "Huyu ndiye wakili wa nyumbani." Mama yule akaniuliza nilisomea wapi, nikamwambia sikumaliza. Akaitikia kwa kichwa tu, akarudi kwenye karatasi, akakata maneno mawili. Nilikuwa nimeandika kwamba familia ilikataa kulazwa kwa mgonjwa. Akafuta "ilikataa". Juu yake akaandika: ilisema itarudi asubuhi.

"Walikataa au hawakuwa na pesa?" akamuuliza dada.

"Hawakuwa na pesa."

"Basi tuandike walichosema."

Jibu lilipelekwa Baraza siku mbili kabla ya tarehe. Kikao bado. Dada ameacha lokamu kwa sasa, na mama anaambia watu kanisani kwamba watoto wake wana kesi wanayoifanya pamoja. Siku ile tulipotoka Hurlingham tulisimama stejini kungoja 46. Mvua ilikuwa imeanza na nauli, bila shaka, ikapanda. Dada akatoa noti akalipia wawili kabla sijaingiza mkono mfukoni.